Sauti za Wazazi: Shajara ya Mahafali ya Dakhalia, Pemba 2020

Mimi ni mlezi wa dakhalia, yaani bweni, ya wasichana katika skuli ya sekondari, Pemba. Haya niliyaandika kwenye daftari la zamu, usiku baada ya kuzima taa. Nimeyapanga upya kidogo tu, ili mlezi mwengine akitaka kurekodi sauti za wazazi kwa ajili ya mahafali, kama tulivyofanya, asianzie pale tulipoanzia sisi. Bei zote ni shilingi za mwaka ule. Wanafunzi na wazazi sikuwataja majina.

17 Machi 2020, Jumanne. Skuli zafungwa

Jana tumesikia mgonjwa wa mwanzo wa korona Tanzania, Arusha. Leo limetoka tangazo skuli zifungwe siku thelathini. Mahafali ya Kidato cha Sita tulikuwa tumeyapanga Aprili, kabla ya Ramadhani kuingia. Wasichana ni 46, mchango 20,000 kila mmoja, na mpaka leo wamelipa 31, yaani 620,000.

Pesa zilizokwishatoka: turubai na viti 120,000, arubuni ya majoho 100,000, kadi za mwaliko 46,000. Kadi zimeshachapwa na tarehe yake juu. Zimo ndani ya boksi chini ya kitanda changu.

Wasichana wanafunga mabegi. Wa Unguja wanataka kuwahi boti bandari ya Mkoani. Mmoja ameniuliza kama wasalimiane kwa mikono wakiagana, nikashindwa kumjibu.

26 Mei. Kufuata pesa

Idd ilikuwa juzi, Jumapili. Imeshatangazwa kwamba Kidato cha Sita na vyuo vikuu wanarudi tarehe 1 Juni, kwa hiyo leo nimeshika simu. Mwenye turubai na viti, Mungu amjaalie, amerudisha nusu, 60,000. Mkodishaji wa majoho amekataa katakata: arubuni hairudi, na kwa tarehe mpya bei ni mpya. Kadi ni hasara yote. Mkononi zimebaki 414,000.

Kosa hapa ni langu. Nilitoa laki nzima bila ya karatasi hata moja inayosema siku ikisogea itakuwaje. Anayepanga shughuli wakati wa maradhi aandikishane, hata kama ni mistari mitatu na saini mbili kwenye ukurasa wa daftari.

Wale 15 ambao hawajalipa, tumekubaliana na Mwalimu Mkuu wasidaiwe. Wengi wao wana baba au kaka aliyekuwa akifanya kazi hoteli za Nungwi na Paje, na wageni hawaji tena. Walimu wamechangishana 85,000. Jumla tunayo 499,000, na hiyo ndiyo ya kufanyia kila kitu.

1 Juni. Wamerudi

Wote 46, alhamdulillahi. Madarasa mengine bado yako majumbani, kwa hiyo dakhalia nzima ni yao: kitanda cha ghorofa analala mmoja tu, tena chini.

Ndoo nne zenye koki, 14,000 kila moja. Nyuma ya vyoo tumetundika vibuyu chirizi vya kunawia mikono, vya madumu ya lita tano, na hivyo havikutugharimu kitu. Siku ya mwanzo mvua ilinyesha na kipande cha sabuni kikayeyuka chote. Sasa sabuni tunaitia ndani ya soksi kuukuu na kuitundika chini ya ubao mdogo. Soksi inatoa povu vizuri na kipande kinadumu wiki.

Kila alfajiri baada ya sala nawauliza mambo manne: homa, kikohozi, pumzi, na kama wanasikia harufu. Kwa hilo la harufu nampa kila mmoja karafuu yake mwenyewe anuse. Haipokezani.

7 Juni. Barakoa

Juzi Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo mpya: barakoa ya kitambaa iwe na matabaka matatu. Kitambaa wanachokitaka kwa tabaka la kati hatukukipata, tukashona pamba tupu matabaka yote matatu. Yadi 14 kwa 3,500, pamoja na lastiki na uzi 11,000. Jumla 60,000 kwa barakoa 100: mbili kwa kila msichana na nane za wapishi. Wameshona wenyewe kwa zamu kwenye cherehani mbili za skuli.

Arubaini za mwanzo tulizishona kama zile za dukani, lastiki nyuma ya masikio. Hazikufaa. Msichana aliyejitanda ushungi hawezi kufikia masikio yake bila ya kuuvua, na akiipitisha lastiki juu ya ushungi, inateleza. Siku nzima ilikuwa mikono usoni, kuvuta huku na kurekebisha kule, na hilo ndilo tulilokuwa tunalikimbia. Tumefumua zote arubaini na kutia kamba ndefu za kitambaa hichohicho, mbili za kufunga kisogoni na mbili shingoni, juu ya ushungi. Kamba za juu ziwe sentimita 40 au zaidi, fupi hazifungiki.

Mwalimu mmoja aliuliza kwa nini tusitumie spiriti ya maabara kwa kutakasia mikono, ipo lita nzima. Mwalimu wa Kemia alikataa pale pale: ile imetiwa methanoli, si ya kupaka mwilini. Tumebaki na sabuni ya maji, lita 20 kwa 30,000.

10 Juni. Wazazi hawataingia

Kikao cha walimu. Mahafali yatafanyika, lakini mzazi haingii ndani ya uzio, na mgeni rasmi hayupo. Kwa afya ya wasichana niliunga mkono na bado naunga mkono.

Jioni niliwaita uani nikawaambia. Walinyamaza. Kisha mmoja, mtaratibu sana, ambaye siku nyingi hata simsikii, akasema: "Sasa Mama, jina langu likitajwa, nani atanipigia kigelegele?"

Sikulala vizuri. Joho, keki, turubai, yote hayo nilikuwa tayari kuyakosa. Hili halikuwa limenijia kabisa.

13 Juni. Video imeshindikana

Wazo la mwanzo lilikuwa wazazi watizame kwa video ya WhatsApp. Niliwaita wasichana mmoja mmoja na kuandika mzazi ana simu gani. Wenye simu za tachi ni 13. Wenye vitochi, simu ndogo za vibonye, 29. Wanne hawana simu kabisa. Tungefanya video, tungewafanyia mahafali watu 13 na kuwaonesha wenzao 33 kwamba kwao hakuna. Tumeliacha.

Mwalimu wa Kompyuta ndiye aliyesema: kama wazazi hawawezi kutuona, basi sisi tuwasikie. Tuwarekodi mmoja mmoja, na jina likitajwa, sauti ya mzazi itoke kwenye spika. Kitochi kinatosha.

21 Juni. Kurekodi

Wiki nzima nimekuwa napiga simu baada ya magharibi, saa ambayo watu wako nyumbani. Simu yangu inawekwa sauti ya nje, na simu ya Mwalimu wa Kompyuta inarekodi pembeni.

Siku mbili za mwanzo zilipotea. Tulirekodi barazani, na upepo wa kusi ukaingia katika kila sauti, unasikia vuuu kama mtu anapuliza. Tukahamia darasani, sauti zikawa na mwangwi kama za kisimani. Tulipopatia ni stoo ya magodoro. Magodoro yamesimamishwa kuta zote nne, na sauti inatoka kavu, safi. Kuna joto, lakini mtu anavumilia.

Kosa la pili lilikuwa kwenye maneno yangu. Nilikuwa nasema: "Tafadhali mtumie mwanao ujumbe wa mahafali, sekunde ishirini." Wazazi wakageuka watangazaji. "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kuushukuru uongozi mzima wa skuli..." Mzee mmoja wa Micheweni alihutubia dakika sita na jina la binti yake hakulitaja hata mara moja. Nilirekodi kumi na mbili za namna hiyo, na siku ya tatu nikazisikiliza zote mfululizo. Hakuna hata moja ambayo mtoto angemtambua mama yake.

Nikabadilisha swali. Sasa nasema: "Bi mkubwa, ungekuwa umekaa hapa kwenye mkeka, jina lake likaitwa, ungefanyaje?" Basi hapo mtu anacheka, au anavuta pumzi, halafu linatoka lile lenyewe. Wengine hupiga kigelegele mpaka simu inakoroma. Mmoja alianza kusoma Fatiha. Mzee wa Micheweni, nilipompigia tena, alisema maneno manne tu: "Kipusa changu, Mungu akulinde." Wote kumi na mbili nimewarudia.

Wale wanne wasio na simu: wawili wako Kojani, na mwalimu wetu wa Jiografia ambaye kwao ni huko alikwenda na simu mwisho wa wiki akawarekodi. Mmoja yuko Makangale, tukampata kwa simu ya duka. Wa nne ni baba aliyeko dago (kambi ya wavuvi), Mafia, na huyo nitamwelezea mbele.

Vocha mpaka sasa 31,000.

28 Juni. Kuchagua siku

Mitihani inaanza kesho mpaka 16 Julai. Jambo ambalo wenzetu walisahau kutuonya: tahasusi, yaani makundi ya masomo, hazimalizi siku moja. Wengine wanamaliza siku kadhaa kabla ya wenzao, na aliyemaliza anataka nyumbani kwao. Kufanya mahafali kabla ya mtihani wasichana wenyewe walikataa, vichwa vyao havikuwepo. Tumeamua Ijumaa 17 Julai, baada ya sala ya laasiri. Waliomaliza mapema wanasubiri, wa Unguja wanaondoka baada ya hapo. Idd ya kuchinja ni mwisho wa mwezi, hakuna anayechelewa.

Kesho pia madarasa mengine yanarudi. Vitanda vya juu vitajaa tena. Mradi nimeusimamisha wiki nzima, nisiwasumbue.

5 Julai. Sikiliza kila kitu kwanza

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu lingeweza kumuumiza mtoto.

Nilikuwa nimekaa stoo kusikiliza sauti zote tangu mwanzo, kukata mwanzo na mwisho. Nikafika kwa mama mmoja, sauti nzuri, dua nzuri, halafu mwisho kabisa akasema: "Na shughuli yako, mwanangu, tumeshaipanga, baada ya Idd inshallah."

Shughuli, yaani harusi. Nilizima. Usiku ule nilipomrekodi mambo yalikuwa mengi, mwenzangu alikuwa akihangaika na betri, sikuyashika maneno yale. Binti yake ana karatasi tano za mtihani mbele yake. Kama lile lingetoka kwenye spika mbele ya watu mia? Nilimtizama usiku wakati wa chakula, akicheka na wenzake. Hana habari.

Kesho yake nikampigia mama.

"Bi mkubwa, ile sauti yako ni nzuri sana, lakini kuna neno moja mwishoni nataka tulizungumze."

"Lipi hilo, Mwalimu?"

"La shughuli. Yeye mwenyewe anajua?"

Kimya. Kisha: "Baba yake alisema amwambie akirudi."

Nilimwambia kwamba mambo ya nyumba yake si yangu kuyahukumu, lakini habari kama hiyo haifai kumfikia mtoto kwa spika, wala katikati ya mtihani. Nikamwambia pia, kwa sababu nisingejisamehe nikinyamaza, kwamba binti yake ni wa tatu darasani, na majibu yanatoka kabla ya mwaka kwisha, na angalau wamsubiri ayaone kisha wamuulize yeye anataka nini. Alisema: "Nitazungumza na baba yake." Tukarekodi upya. Yaliyofuata ni ya binti mwenyewe, siyaandiki hapa.

Tangu siku hiyo hakuna sauti inayoingia kwenye kadi ya kumbukumbu ya spika mpaka watu wawili waisikilize tangu mwanzo hadi mwisho. Zilikuwemo mbili nyengine za kukata: moja inataja deni, moja inataja maradhi ya bibi ambayo mtoto alikuwa hajaambiwa. Mzazi anaposema na simu husahau kwamba watasikia wengine. Mwambieni kabla.

8 Julai. Spika haisomi faili

Sauti za WhatsApp (wazazi 13 wenye simu za tachi walituma wenyewe) ni faili za aina ya opus. Spika ya kukodi inasoma MP3 tu. Tulitia kadi, zikapigwa 33, nyengine kimya. Mwalimu wa Kompyuta amezigeuza kwa programu ya VLC, ya bure, kisha akasawazisha sauti kwa Audacity, kwani wengine walinong'ona watoto wamelala na wengine walipiga kelele kama wako ng'ambo ya mto. Siku mbili za kazi. Kadi ya kumbukumbu 12,000.

12 Julai, Jumapili. Jaribio

Waliokuwa hawana karatasi kesho tulifanya nao jaribio uani. Limeharibika mara tatu.

Kwanza, mpangilio. Faili tulizipa majina kwa namba, lakini spika haikufuata namba, ilifuata zilivyonakiliwa kwenye kadi. Msichana wa kumi na saba akaitwa, ikatoka sauti ya mama wa mwengine. Alicheka kidogo, halafu akalia. Dawa: futa kadi yote, nakili faili moja moja kwa zamu, 01, 02, 03, kisha sikiliza tena zote kwa hiyohiyo spika.

Pili, kipaza sauti. Tulipanga kukipangusa kila anapobadilika msemaji, na sifongo yake ikalowa mpaka ndani, sauti ikafa. Tumeivua na kushona vifuniko vyembamba kumi vya kitambaa. Kila msemaji anakuja na chake. Kasida nayo tumeipunguza, kutoka waimbaji ishirini hadi sita, na dufu mbili, wamesimama mbalimbali chini ya mwembe.

Tatu, na hili lilikuwa zito. Msichana wetu mmoja mama yake alifariki mwezi wa Aprili, skuli zikiwa zimefungwa. Baba ndiye yule aliyeko dago, na huko mtandao haufiki. Mimi nikaona nifanye wema: nilimwomba Mwalimu Mkuu arekodi dua kwa niaba ya familia. Sikumwambia mtoto, nilitaka iwe furaha. Jaribioni ikatoka sauti ya Mwalimu Mkuu. Msichana alisubiri mpaka watu wametawanyika, akanijia.

"Mama, naomba uitoe ile."

Nikamuuliza anataka tuweke ya nani. Akasema kaka yake anayo sauti ya mama kwenye simu, ya mwezi wa Februari. Tuliipata jioni ile ile. Ni sekunde kumi na moja: "Nimekupa sukari na sabuni kwa mtu wa gari, umeipata? Haya, soma mwanangu." Nilimuuliza kama ana hakika, mbele ya watu wote. Akasema ndiyo, hiyo hiyo, na tusiikate lile la sukari.

Nilipaswa kumuuliza yeye kwanza. Wiki tatu nilikuwa nikimpita koridoni kila siku na jambo hilo kichwani mwangu.

17 Julai, Ijumaa. Mahafali

Sare safi badala ya majoho. Kila mmoja na kikuba kifuani, asumini na rihani, walivyofunga wapishi wetu tangu asubuhi kwa maua ya majirani, bure. Viti vya madarasani, alama za chokaa chini kila mita moja na nusu. Vyeti mezani, kila mmoja anachukua chake, hakuna kupeana mikono. Risala kurasa mbili badala ya nane. Umeme ulikatika robo saa kabla. Jenereta ilikuwa tayari nyuma ya jiko, mbali, ili kipaza sauti kisiishike. Mafuta 15,000.

Saa kumi kasoro mlinzi akaja mbio. "Mama, wazazi wamekuja."

Nilitoka. Walikuwa 23 nimewahesabu, wamesimama njiani nje ya uzio, wengine wametoka Wete kwa gari ya abiria, mmoja na mtoto mgongoni. Niliogopa, kwa kweli, kisha nikakasirika kwa sababu ya kuogopa. Nikawaambia tulikubaliana. Mama mmoja akanijibu kwa upole: "Mimi sikuingia ndani, Mwalimu. Kusimama njiani pia kumekatazwa?"

Mfuko wa chokaa ulikuwa na robo yake. Mpishi akaenda kuwatilia alama kando ya uzio, chini ya miembe, na wasio na barakoa tukawapa. Spika mbili zilikuwa zimeelekezwa uani. Moja tukaigeuza njiani. Hili tungelipanga tangu mwanzo tungeweka alama mapema, na tungewaambia na wa mbali kwamba njiani pana nafasi. Wapo waliobaki nyumbani kwa kututii, na hilo linaniuma.

Majina yakaanza. Jina, sauti, cheti, anayefuata. Kwa yule msichana mtaratibu, sauti ya mama yake ikatoka kwenye spika kama tulivyoirekodi stoo, dua fupi na kigelegele. Kabla hakijamalizika kikaanza chengine, kutoka njiani, kirefu zaidi. Mama mwenyewe alikuwepo nje. Msichana akasimama na cheti mkononi akageuka upande wa uzio, na hatukumwambia asogee.

Ikafika zamu ya sukari na sabuni. Uani kimya. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeipata," akachukua cheti akarudi kukaa.

Yote yalichukua saa moja na dakika kumi.

19 Julai. Hesabu

Ndoo 56,000. Sabuni 30,000. Barakoa 60,000. Vocha mpaka mwisho 38,000. Kadi ya kumbukumbu 12,000. Spika na mtu wake 80,000. Mafuta 15,000. Pilau ya wasichana na wafanyakazi 129,500: mchele kilo 15 kwa 1,700, nyama kilo 8 kwa 9,000, viungo, vitunguu na mafuta 32,000. Kila mtu sahani yake, masinia tuliyaacha stoo. Badala ya kuwalisha wazazi, kila msichana alipewa robo kilo ya halua ya Wete apeleke kwao, ndani ya kikapu kidogo cha ukindu: kilo 12 kwa 7,000, ni 84,000.

Jumla 504,500. Tulikuwa na 499,000. Zilizopungua nimetoa.

Ningefanya tena, ningepunguza nyama na kuongeza spika ya tatu.

1 Agosti. Siku kumi na tano baadaye

Jana ilikuwa Idd. Tangu Jumatano nimezipigia nyumba zote 46. Mmoja alipata mafua na kikohozi siku tatu, yakapita. Hakupimwa, kwa hiyo sisemi yalikuwa nini. Kwengine kote salama.

21 Agosti

Majibu ya Kidato cha Sita yametoka leo. Simu yangu haijatulia tangu adhuhuri. Wa sukari na sabuni amefaulu vizuri. Aliponipigia alikuwa na baba yake pembeni, karudi kutoka dago, na baba akataka kusikia ile sauti ya mahafali. Nimewatumia.

14 Novemba 2020

Kidato cha Nne wanaingia mtihani mwezi huu, na leo wamefanya mahafali yao. Safari hii wazazi wameingia, wamekaa, wamekula. Ndoo zilezile, koki moja nimebadilisha. Lakini viongozi wao walinijia tangu Septemba kuuliza: na sisi tutarekodiwa? Nikawaambia wazazi wenu mtakuwa nao hapa. Wakasema, na wale ambao hawawezi kuja?

Walikuwa tisa. Baba wawili dago, mama mmoja amelazwa, wengine wako Unguja na nauli haikupatikana. Tumewarekodi tisa, stoo ya magodoro, kwa swali lile lile. Siku mbili zimetosha na vocha 9,000, kwa sababu safari hii tulijua tunachofanya.

Kadi ya mwezi wa Julai ipo ofisini kwangu, ndani ya kopo la majani ya chai, rafu ya juu. Anayetaka sauti ya mzazi wake aje na simu yake.